NESI ANAYEANDIKA DAWA: ALIANZIA WAPI, NA LEO ANASOMA MIAKA MINGAPI?

Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu, ana diploma ya unesi, kaambiwa na dalali kwamba akifika tu Marekani ataanza kupima wagonjwa na kuwaandikia dawa. Laki kadhaa zikatoka. Nikaona ngoja nichimbe historia ya hao manesi.

Kule wapo kweli, ila nesi wa kawaida haandiki dawa. Huyu ni wa ngazi ya juu. Kiswahili hakijampa jina lililozoeleka, mimi nitamwita nesi mtabibu. Kazi zake nyingi ungezifananisha na za tabibu wetu wa kituo cha afya.

Mambo yalianza mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Colorado. Nesi Loretta Ford alikuwa amezunguka sana vijijini akihudumia familia, akaona watoto wengi hawamfikii daktari. Akaungana na daktari wa watoto, Henry Silver, wakachukua manesi waliokwisha kusoma na kuwaongezea mafunzo makali ya kama miezi 4, kisha wakaenda kufanya kazi kwa vitendo. Miezi 4 tu jamani!

Huyu mama mwenyewe alitaka kuwa mwalimu, nyumbani hela hakuna. Akaingia kazini hospitali akiwa binti mdogo, akapata diploma ya unesi, akapanda taratibu mpaka shahada ya uzamivu. Mimi niliyeishia form four hapo nilikaa kimya kidogo.

Halafu unajua nani walimpinga? Ungesema madaktari, na wapo waliopinga. Lakini hata walimu wenzake wa unesi walimgeuka, wakiona anawatoa manesi kwenye unesi na kuwapeleka kwenye udaktari. Hakurudi nyuma. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, na manesi watabibu Marekani wamepita 300,000.

Sasa turudi kwa dada yetu. Ile miezi 4 imeshapitwa na wakati. Kwanza lazima uwe nesi mwenye leseni ya kule. Aliyesomea nje vyeti vyake vinakaguliwa, halafu anafanya mtihani wa leseni kama wao. Unahitaji shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka 4, ingawa wenye diploma wana njia zao za kujiendeleza. Baada ya hapo shahada ya uzamili, miaka 2 au 3, na wengine wanakwenda mpaka uzamivu. Humo humo unachagua upande wako: familia, watoto, afya ya akili na kadhalika, na unafanya mazoezi na wagonjwa kwa mamia ya saa. Ukimaliza kuna mtihani wa taifa wa upande uliouchagua, kisha leseni ya jimbo.

Na jimbo ndiyo lina neno la mwisho. Kuna majimbo unafungua kliniki yako mwenyewe, na kuna mengine lazima uwe na makubaliano na daktari, hata kama una uzoefu wa miaka 20.

Nilimsomea dada yote haya juzi kibarazani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza hiyo shahada ya kwanza anaweza kuisomea hapa hapa Bongo? Nikamwambia anaweza. Dalali tangu Jumatatu hapokei simu.