Maziwa Makuu: Jinsi ramani za mtandaoni zinavyofundisha sayansi ya ardhi

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulioko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulilipuka, na lava ikateremka hadi viungani mwa mji wa Goma. Siku tano baadaye mamlaka ziliwaamuru wakazi wa sehemu ya mji kuondoka. Umati mkubwa ulielekea Sake, na wengine walivuka mpaka na kuingia Rwanda. Katika siku hizo ardhi ilitikisika mara kwa mara pande zote mbili za mpaka, huku uvumi ukienea sambamba na taarifa za wataalamu.

Tukio hilo lilionyesha kwamba sayansi ya ardhi, yaani elimu ya miamba, volkano na matetemeko, si somo la mtihani pekee kwa wakazi wa ukanda huu. Goma, Rubavu, Bukavu, Bujumbura na Kigoma zote zimo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Hapo bara la Afrika linatanuka na kupasuka polepole, kwa kasi ya milimita chache tu kila mwaka. Mwendo huo haufundishiki kwa macho. Ndiyo maana zana shirikishi za mtandaoni, ambazo mwanafunzi huziuliza swali na kupata jibu papo hapo, zimekuwa msaada mkubwa kwa walimu.

Zana zenyewe

Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, ina ramani ya bure inayoonyesha matetemeko ya dunia nzima muda mfupi baada ya kutokea. Kila tetemeko huonekana kama duara, na duara huwa kubwa zaidi kadiri tetemeko lilivyokuwa na nguvu. Mwanafunzi akibofya duara hilo, husoma saa, mahali na kina. Aidha, anaweza kuchagua eneo na miaka anayoitaka, kisha akapakua orodha nzima.

Programu ya Seismic Explorer ya shirika la Concord Consortium, pia la Marekani, huweka matetemeko na volkano katika ramani moja, na humwezesha mtumiaji kuikata ardhi mithili ya mkate ili aone yaliyomo ndani. Google Earth, iliyozinduliwa mwaka 2005, huonyesha sura ya nchi kwa picha za setilaiti. Mpango wa Volkano Duniani wa taasisi ya Smithsonian, kwa upande wake, hutunza kumbukumbu za milipuko ya volkano zinazojulikana.

Kina hufichua siri

Somo zuri huanza na utabiri. Kabla ya kufungua ramani, mwalimu huwauliza wanafunzi: je, matetemeko ya kwetu hutokea kina gani, na yanafanana na yale ya Japani? Kila mmoja huandika jibu lake pamoja na sababu. Baada ya hapo ndipo ramani inapofunguliwa.

Wakikata ardhi ya Japani, wataona matetemeko yakishuka kwa mteremko hadi mamia ya kilomita chini, kwa kuwa huko bamba moja la gandunia huzama chini ya jingine. Wakikata ardhi ya Kivu au Tanganyika, hawataona mteremko huo. Karibu matetemeko yote yamo ndani ya kilomita 40 za juu. Hapa mabamba hayagongani bali yanaachana, na hakuna bamba linalozama. Tofauti hiyo ambayo kitabu huieleza kwa ukurasa mzima, mwanafunzi huigundua mwenyewe kwa dakika chache. Asiyeandika utabiri kwanza huona nukta za rangi tu.

Ukubwa wa tetemeko si ukubwa wa maafa

Zoezi la pili hulinganisha matetemeko mawili. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea katika eneo la Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016, jingine lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, na likasikika hadi Uganda, Rwanda na Burundi. Kila hatua moja ya kipimo cha ukubwa huongeza nishati takriban mara 32. Kwa hesabu hiyo, wanafunzi hupata kwamba tetemeko la Tanganyika lilitoa nishati zaidi ya mara 20 ya lile la Kagera.

Hata hivyo, tetemeko la Kagera ndilo lililoua watu zaidi, na liliharibu maelfu ya nyumba katika mji wa Bukoba na vijiji vya jirani. Wanafunzi hutakiwa kueleza kwa nini. Ramani huwaonyesha umbali kati ya kitovu na makazi ya watu, lakini haionyeshi kuta za nyumba. Hilo huwalazimu kutoka nje ya darasa na kuitazama mitaa yao: nyumba ipi ni ya matofali yasiyofungwa kwa nondo, ipi ina paa zito, ipi imejengwa ukingoni mwa mteremko. Hapo hujifunza kwamba tetemeko ni jambo la maumbile, lakini maafa hutegemea pia namna watu walivyojenga.

Kuusoma mlima kutoka juu

Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, unafaa sana kwa somo la picha za setilaiti. Mwanafunzi anaweza kupima umbali kutoka kasoko hadi katikati ya Goma, akachora mteremko wake, na kutafuta alama za lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Lava ya mlima huu ina silika kidogo sana, hivyo ni nyepesi na hutiririka kwa kasi kubwa. Anayejua hilo, na aliyepima umbali kwa mkono wake, huelewa kwa nini amri ya kuhama haiwezi kungojea hadi moto uonekane mlangoni.

Zana hizi hufundisha pia kutilia shaka. Mwaka 2018, picha za ufa mkubwa uliotokea karibu na Mai Mahiu nchini Kenya zilienea duniani zikidaiwa kuwa ushahidi kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho ya watu. Wanajiolojia wengi walieleza kuwa mvua kubwa ilikuwa imeusomba udongo laini wa majivu ya volkano. Mwanafunzi anayejua kutafuta orodha ya matetemeko ana swali la kuuliza mara moja: je, siku hizo ardhi ya hapo ilitikisika?

Pale intaneti inapokuwa haba

Shule nyingi za ukanda huu hazina kompyuta za kutosha, na vifurushi vya data ni ghali. Bado zipo njia. Orodha ya matetemeko ni faili dogo ambalo mwalimu anaweza kulipakua mara moja, akalichapisha, na wanafunzi wakaweka nukta kwa kalamu kwenye ramani ya karatasi. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002, hutoa programu zinazoiga kanuni za sayansi, kwa mfano kwa nini kitu kimoja huelea na kingine huzama. Nyingi hufanya kazi bila intaneti zikishapakuliwa, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili.

Zana nyingine nyingi ni za Kiingereza. Mwalimu hufanya vyema kuanza na maneno machache yanayoeleweka: kitovu, kina, ukubwa, bamba, kasoko. Mwanafunzi akishika maneno hayo kwa lugha anayoifikiria, kiolesura cha kigeni hakimzuii tena.

Mipaka ya kuzingatia

Ramani ya USGS haikusanyi kila kitu. Nje ya Marekani, matetemeko yenye ukubwa chini ya 4 mara nyingi hayamo, hata kama watu wameyahisi. Ukosefu wa nukta kwenye ramani si uthibitisho kwamba ardhi ilitulia. Isitoshe, hakuna zana wala mtaalamu anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Anayedai hivyo kwenye simu za watu anaeneza uvumi.

Kuhusu volkano za Virunga, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma ndicho chenye jukumu la kuzifuatilia, na maagizo ya kuhama hutolewa na mamlaka za nchi husika. Ramani ya darasani haichukui nafasi ya taasisi hizo. Kazi yake ni kuwaandaa wanafunzi, na kupitia kwao familia zao, ili tangazo litakapotolewa waelewe linasema nini na kwa nini linapaswa kufuatwa.