Moyo wa Paa na Mtoto Muulizaji

Mtoto akikuuliza "Mungu yuko wapi, mbona simwoni?", unamjibuje? Wengi wetu tunamnyamazisha: usiulize hayo, utakufuru. Wengine tunamwambia sayansi imeshathibitisha kila kitu, kisha tunamwonyesha video ya WhatsApp, basi. Lakini Waislamu waliwahi kulitafakari jambo hili kwa kina zaidi, tena kupitia kisa cha mtoto.

Karne ya 12, huko Andalusia, kusini mwa Hispania ya leo, aliishi Ibn Tufayl, tabibu wa khalifa Abu Yaqub Yusuf. Aliandika kisa kiitwacho Hayy ibn Yaqzan. Hayy anakulia kisiwani peke yake, ananyonyeshwa na paa. Hana mzazi, hana mwalimu, hana kitabu.

Akiwa na miaka 7, paa anakufa. Hayy anamwita, haitikii. Anamkagua macho na masikio, haoni kasoro. Anaamua kumpasua kifua, atafute kilichoharibika akirekebishe. Anaufikia moyo: chumba cha kulia kina damu iliyoganda, cha kushoto ni kitupu. Anajiambia kwamba kilichokuwa kikikaa humo kimeondoka, na kwamba mama aliyempenda hakuwa mwili huu. Kuanzia hapo anachunguza moto, wanyama, mimea, kisha nyota. Anapofika miaka 35 ameshasadiki kuwa yuko Muumba.

Sasa, kibaiolojia Hayy alikosea. Chumba cha kushoto cha moyo ulio hai si kitupu: hupokea damu yenye oksijeni kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Na hatua kubwa ya kulielewa hili ilipigwa na Mwislamu mwingine, Ibn al-Nafis, katika karne ya 13. Galen, tabibu wa kale, alifundisha kuwa damu hupenya ukuta ulio katikati ya moyo. Ibn al-Nafis akasema hapana, hupitia mapafuni kwanza. Huyu alikuwa tabibu na pia mwanazuoni wa fiqhi wa madhehebu ya Shafii, hayohayo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Kumsahihisha Galen hakukumtoa kwenye dini. Tena naye aliandika kisa cha kijana wa kisiwani!

Somo liko hapo. Kama imani ya Hayy ingesimama juu ya chumba kitupu cha moyo, ingeanguka siku damu ilipoonekana humo. Kinachobaki ni ile tabia yake ya kutazama, kujaribu na kuuliza tena. Kwa hiyo, unapomwonyesha mtoto ishara za Mungu katika maumbile, usiifunge imani yake kwenye maelezo ya kisayansi ambayo kesho yanaweza kurekebishwa. Siku yakirekebishwa, atadhani na Mungu amerekebishwa.

Unaweza kuanza na mwezi. Mpe daftari achore umbo lake kila usiku unapoonekana, tangu mwandamo mmoja hadi mwingine, siku 29 au 30. Akiuliza kwa nini unabadilika, chukueni tochi na chungwa, mzimeni taa, mjaribu pamoja. Akiuliza nani aliyeupangia mwezi ratiba hiyo, usiharakishe kujibu. Muulize yeye anaonaje, kisha msikilize mpaka amalize.