Tarehe ya Baridi Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ya kwanza ya Cray-1, ambayo Seymour Cray na wenzake waliiunda Chippewa Falls katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na ambayo ilifika kwenye maabara ya Los Alamos mwaka 1976, ilichelewa kiasi cha miezi 6, na sababu ya kuchelewa kwake haikuwa hesabu iliyokosewa wala waya uliofungwa si mahali pake, ilikuwa mafuta. Mafuta yale yalikuwa ya kulainisha kompresa, nayo, kama yafanyavyo katika kila friji, yalisafiri pamoja na gesi ndani ya mabomba. Walakini maungo ya mabomba hayakuwa madhubuti, mafuta yakapenya, yakatambaa juu ya mbao za saketi, na mwishowe yakaleta shoti. Haikupatikana dawa mpaka ilipobuniwa njia mpya ya kuchomelea maungo yale. Naanza na kisa hiki kwa makusudi, maana katika tarehe nzima ya kupoza kompyuta kwa mashine ya baridi nimeona jambo moja likirudi kila zama: ilimu ya kuleta baridi ilipatikana mapema, lakini mkono wa fundi uwezao kuifungia gesi isitoke na maji yasiingie ulitafutwa kwa taabu kila mara.

Ilimu yenyewe ni ya kale. Mtungi wa udongo uliowekwa barazani penye upepo hutoa jasho, na jasho lile likigeuka mvuke huondoka na harara ya maji yaliyobaki ndani, ndiyo maana maji ya mtungini huburudisha koo wakati maji ya ndoo ya bati ni vuguvugu. Mwaka 1758, mjini Cambridge nchini Uingereza, Benjamin Franklin na John Hadley walifanya jambo lile lile kwa etha, ambayo hupanda mvuke upesi kuliko maji: walilowesha kichwa cha kipimajoto, wakakipulizia kwa mivukuto, wakalowesha tena, mpaka kipimo kikashuka kufika nyuzi 14 chini ya sifuri na barafu ikatanda juu ya kioo. Etha ile ilipotea hewani. Aliyeifunga ndani ya duara ni Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, ambaye mwaka 1834 alipata hataza ya mashine iliyouvuta mvuke kwa pampu, ikaushindilia, ikaupoza ukawa maji tena, na kuyarudisha maji yale kazini. Kila friji inayonguruma leo katika duka la soda ni kizazi cha mashine ile.

Cray-1 ilikuwa na haja kubwa ya baridi. Ilikula umeme wa kilowati 115, na umeme wote uingiao katika kompyuta hutoka kwa sura ya joto. Kwa hiyo kila ubao wa saketi ulibandikwa bamba la shaba, na bamba lile likapeleka harara kwenye nguzo zilizopitiwa na mabomba ya gesi ya kupozea iitwayo Freon. Mashine nzima, pamoja na mitambo yake ya baridi, ilikuwa na uzito wa tani 5 na nusu, na kiti cha duara kilichoizunguka chini, ambacho wengi walikiona kama pambo, kilifunika vyombo vya umeme. Mwaka 1987 kampuni ya ETA Systems ya St. Paul ilikwenda mbali zaidi, ikazitumbukiza saketi za kompyuta yake ya ETA10 katika naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Na mwaka 1997 IBM ilitia mitambo ya friji katika kompyuta zake kubwa za S/390. Hayo yote yalikuwa mambo ya serikali, vyuo vikuu na mabenki.

Sasa yafaa tuulize kwa nini mtu binafsi, aliyeketi chumbani kwake na kompyuta ya mezani, alitamani baridi ya namna hiyo. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na mtengenezaji huiandikia idadi ya mapigo ambayo anadhamini kwamba haitakosea. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, iliyoandikiwa megahezi 300, nao walioijaribu wakaona kwamba nyingi katika hizo huenda kwa megahezi 450 bila ya kunung'unika. Habari hiyo iliwasha shauku isiyozimika. Lakini anayetaka kuipita hatua ile hana budi kuongeza volteji, na volteji ikiongezwa harara huzidi kwa haraka, na kadiri transista zinavyopata joto ndivyo umeme unavyopenya pasipotakiwa na ishara zinavyochelewa. Baridi huponya maradhi hayo mawili pamoja. Feni hata iwe kubwa namna gani haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, kompresa yaweza.

Wa kwanza kuuza baridi hiyo kwa raia walikuwa watu wa kampuni ya KryoTech ya South Carolina, ambao walitia friji chini ya kasha la kompyuta na kuishusha prosesa ya AMD kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, wakaifikisha gigahezi 1 mwanzoni mwa mwaka 2000, kabla ya AMD na Intel kutangaza prosesa zao za mwendo huo mwezi wa Machi. Kisha ufundi ukahamia Denmark. Asetek ya Aalborg ilitoa VapoChill, na kampuni nyingine ya huko ikatoa Prometeia. Na wala si ajabu kwamba ilikuwa Denmark, kwa sababu ndiyo nchi ya kampuni ya Danfoss, ambayo kompresa zake zilikuwa zikizunguka katika majokofu ya ulimwengu mzima tangu zamani, na ndizo zilizotiwa ndani ya mashine hizo.

Mashine za kununua zilikuwa ghali, na hapo ndipo ilipoanza sehemu ya tarehe hii niipendayo kuliko zote. Vijana wa Ulaya, Marekani na Asia walichukua viyoyozi vya dirishani vilivyotupwa, wakang'oa kompresa na kondensa, wakachonga kipande cha shaba chenye mifereji ndani kiwe mahali pa kuchemkia gesi, wakajifunza kuchomelea kwa fimbo za fedha. Anayechomelea vizuri hupitisha naitrojeni polepole ndani ya bomba wakati shaba imeiva nyekundu, ili ganda jeusi lisifanyike, maana ganda lile likibanduka huenda likaziba kapilari, na kapilari ni roho ya mtambo mzima: ni bomba jembamba lenye tundu la milimita 0.8 hivi na urefu wa mita 2 au 3, ambalo huibana ile gesi iliyogeuka maji na kuitoa kidogo kidogo. Likiwa refu mno prosesa hufa njaa ya baridi. Likiwa fupi mno maji hurudi mpaka kwenye kompresa na kuivunja. Basi fundi hukata sentimita chache, huchomelea tena, hupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kulitazama kama linatoa kiputo, huvuta hewa yote kwa pampu ya ombwe kwa muda mrefu, kwa kuwa tone moja la maji lililosalia ndani litaganda kwenye mdomo wa kapilari, kisha hujaza gesi na kungoja. Barafu nyeupe ikitambaa juu ya bomba la kurudia na kusimama karibu na kompresa pasipo kuigusa, anajua amepatia. Fundi wa friji wa Mombasa au Tanga angeielewa kazi hiyo yote bila mkalimani.

Wengi walijaza propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na haidhuru tabaka la ozoni, jambo lenye uzito tangu Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Lakini ni gesi ya moto, ndugu ya ile ya jikoni, na kuchomelea bomba ambalo gesi yake haijamalizwa kutolewa ni kujitafutia msiba. Waliothubutu zaidi walifunga mitambo miwili pamoja, wa kwanza ukiupoza wa pili, na katika ule wa pili wakatia ethilini, wakakaribia nyuzi 100 chini ya sifuri.

Aidha, adui mkubwa alikuwa nje ya bomba. Kitu chenye baridi kupita kiwango cha umande huuita umande, na umande juu ya ubao wa kompyuta ni mauti yake. Walizungushia prosesa sponji nyeusi isiyopitisha hewa, wakajaza mafuta ya mgando katika matundu ya soketi, wakabandika kipasha joto kidogo nyuma ya ubao; na bado ilitosha upenyo wa unene wa karatasi, asubuhi wakakuta tone linang'aa penye mguu wa soketi na kompyuta haiwaki.

Zama hizo hazikudumu. Mwaka 2004 prosesa za Pentium 4 zilikwisha kupita wati 100, Intel ikaacha mashindano ya gigahezi, na mwaka 2005 Intel na AMD zote mbili zikaleta prosesa zenye viini viwili. Wapenda rekodi wakashika kopo la shaba na kumimina naitrojeni ya maji, ambayo haihitaji kompresa wala kapilari, ingawa humalizika mezani. Asetek nayo ikaziacha kompresa, ikageukia pampu ndogo za maji ya kupozea, ambazo hujazwa na kuzibwa kiwandani, na mnunuzi akifungua sanduku hakuti hata kiungo kimoja cha kuchomelea.