Uuguzi na Utafiti katika Ufipa

Uuguzi hutokana na kuuguza, yaani kumtunza mgonjwa, na kazi hiyo ilitangulia vyuo. Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani na Mapadri Weupe, alisomeshwa uganga Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliganga huko hata kufa kwake mwaka 1956, na hospitali moja ya Sumbawanga ina jina lake. Habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa mwaka 1946 katika Tanganyika Notes and Records. Hazina kubwa, ila ni ya mganga. Muuguzi wa Ufipa asomaye leo shahada ya uzamili Muhimbili, naye akitakiwa kuandika tasnifu, ana la kuuliza zaidi: nani alikesha na mgonjwa, na kwa lugha gani, Kifipa au Kiswahili?