Kukinai Hakuamriwi

Nchi yetu iliwahi kujaribu kuliandika neno "yatosha" katika masharti ya uongozi. Mwezi Februari 1965 Mwalimu Nyerere alizuru China kwa mara ya kwanza, akarudi akiwasifu Wachina kwa kubana matumizi. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 CCM iliyalegeza masharti hayo huko Zanzibar. Yalikuwa yamedumu miaka 24.

Kwa nini hayakudumu zaidi? Sehemu ya jibu naiona katika China iliyo ya kale kuliko ile aliyoiona Mwalimu. Laozi, ambaye mapokeo yanamweka karne ya 6 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba tajiri ni yule ajuaye kipimo chake. Aliwaonya pia watawala kuwa wingi wa makatazo hauleti neema. Mwalimu alikinai kwanza, ndipo akaandika. Wengi waliomfuata waliandikiwa tu. Azimio liliufunga mkono wa kiongozi, lakini halikuufikia moyo wake.

Leo mtihani ule si wa viongozi peke yao. Hapa Majimoto simu humfikia mkulima wa mpunga na mchunga ng'ombe pia. Humwonyesha nyumba, magari na harusi za watu asiowajua, kisha humpa mkopo kabla hajainuka alipoketi. Kwa njia hiyo mpunga wa msimu mzima waweza kuwa mali ya mkopeshaji ungali shambani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hiyo ni njema. Lakini historia yetu imekwisha tufundisha kuwa tamaa ikifungiwa mlango hutafuta dirisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kazi iliyobaki ni ya wazazi na walimu. Tumzoeze mtoto kujiuliza kabla ya kubonyeza: je, kitu hiki nina haja nacho, au nimekiona tu? Swali hilo halihitaji azimio, na hakuna mkutano uwezao kulifuta.