Kufunga betri ya pili kwenye gari: zikiunganishwa ovyo hufa pamoja

Usiku ule nilikuwa na betri mbili chini ya boneti, na asubuhi zote mbili zilikuwa zimekufa.

Ilikuwa msimu wa mvua, kwenye ile njia ya udongo itokayo Witu kwenda Kipini. Ndani ya friji ya gari mlikuwa na insulini ya mamamkwe, ya mwezi mzima. Magharibi gari likanasa kwenye matope, tukaamua kulala papo hapo tungoje kupambazuke. Friji ilikuwa yawaka, simu zinachaji, na taa moja ya ndani kwa ajili ya watoto. Alfajiri nikageuza ufunguo, nikasikia ta-ta-ta, kisha kimya.

Prado yangu ni ya dizeli na gia otomatiki. Gari kama hilo halisukumwi likawaka. Tulikaa mpaka saa saba mchana, akapita bwana mmoja na trekta, akatuvuta na kutupa waya za jampa. Kufikia hapo friji ilikuwa yasoma nyuzi 32. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Muuguzi wa zahanati alizitazama zile chupa akatwambia tusizitumie, na shemeji yangu akapanda boda kwenda kutafuta nyingine kabla usiku haujaingia.

Nilimlaumu fundi kwa muda mrefu. Baadaye nikakiri kwamba alifanya nilichomwambia: nilimtaka aniongezee betri, akaniongezea. Alichukua waya akaunganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, akanipa gari langu. Sikumwambia azitenganishe kwa sababu sikujua kama hilo ndilo jambo lenyewe. Tangu siku ile nimeifumua kazi ile na kuifanya upya kwa mikono yangu, na nimewasaidia jamaa kadhaa wa huku kufunga zao. Haya ndiyo niliyoyajua.

Betri mbili zilizounganishwa kwa waya mtupu ni betri moja kubwa. Friji ikila, yala kutoka zote mbili kwa pamoja. Unachokitaka ni kitu kingine: betri ya kuwashia injini isiguswe na chochote injini ikiwa imezimwa, na betri ya pili ibebe friji, taa za kambi, simu na pampu ya upepo. Injini ikiwaka, alternata izichaji zote mbili. Ikizimwa, njia baina yao ikatike yenyewe, bila wewe kukumbuka. Nasema bila kukumbuka kwa sababu kuna wanaoweka swichi ya mkono. Inafanya kazi, na ni rahisi, lakini siku uliyochoka na uliyonyeshewa ndiyo siku utakayoisahau.

Kabla ya kununua chochote, fungua boneti uangalie ulicho nacho. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zimetoka kiwandani na betri mbili, na wenyewe hujidai kwamba wao tayari wana mfumo huu. Hawana. Zile zimeunganishwa pamoja ili kuipa stata nguvu, na zitakufa pamoja kama zilivyokufa zangu. Nyingine zilizotoka Japani zina betri mbili zilizofuatanishwa kutoa volti 24 za kuwashia. Ukiunganisha kifaa cha volti 12 mahali pasipo pake kwenye gari kama hilo utakiunguza. Chukua mita, pima kila betri peke yake, kisha pima kwenye waya wa stata. Ukiona 24, mpe kazi hiyo fundi waya aliyewahi kuyashika magari hayo.

Kitu cha kutenganisha kipo cha aina mbili. Ya kwanza ni rilei inayosikiliza volti. Alternata ikianza kuchaji, volti kwenye betri ya injini hupanda. Zikifika kama 13.3, rilei huziunganisha betri mbili. Zikishuka kama 12.8 baada ya injini kuzimwa, huzitenganisha. Ni ya bei nafuu, haina mengi ya kuharibika, na kwa gari la zamani lenye alternata ya kawaida inatosha kabisa. Ndiyo niliyoifunga mimi.

Ya pili ni chaja ya betri kwa betri. Hii huchukua umeme kutoka betri ya injini, huupandisha au kuushusha, na kuipa betri ya pili kiasi inachokitaka. Ni ghali zaidi, ila kuna hali mbili ambazo huwezi kuikwepa. Moja ni gari jipya ambalo alternata yake inaongozwa na kompyuta: betri kuu ikishajaa, kompyuta hupunguza volti ili kuokoa mafuta, na rilei ya kawaida hudhani injini imezimwa. Nyingine ni ukitaka betri ya pili iwe ya lithiamu. Betri ya lithiamu iliyo tupu inaweza kuvuta umeme mwingi kupita uwezo wa alternata na kuichemsha, kwa hiyo yahitaji chaja ya kuizuia.

Na betri yenyewe? Usiende dukani ukachukua nyingine kama ile ya injini. Betri ya kuwashia ina sahani nyembamba nyingi. Kazi yake ni kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha kujazwa tena. Ukiitumia kwa friji usiku kucha, ukaimaliza mara kwa mara, haichukui muda inachakaa. Unayoitaka ni ya sahani nene, jamii ya zile wanazofungia sola majumbani. Hata hiyo, kama ni ya risasi na asidi, usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu. Betri ya volti 12 iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko kama nusu, na 12.0 ushaanza kuiua. Ya lithiamu waweza kuitumia karibu yote, na ni nyepesi, ila usiiweke karibu na injini. Joto la pale si lake; mahali pake ni ndani ya gari au nyuma.

Hesabu ya ukubwa ni rahisi, na ningeifanya mapema ningejua kwamba hata betri ya pili ina mwisho wake. Friji ndogo ya gari huvuta kama ampea 4 mota yake inapozunguka. Kwa joto letu la pwani chukulia inazunguka nusu ya wakati, yaani wastani wa ampea 2. Kwa saa 24 hiyo ni 48. Betri ya risasi iliyoandikwa 100 Ah, ukitumia nusu yake, yakupa 50. Basi ni siku moja, na baada ya hapo lazima gari litembee au uwe na sola juu ya paa. Ukiongeza taa na simu, siku yenyewe haitimii.

Sasa ufungaji. Mahali pa kwanza pa kutazama ni upande wa pili chini ya boneti. Magari mengi ya aina hii yana nafasi pale. Betri ikae kwenye trei ya chuma iliyofungwa kwa nati, na ibanwe kwa juu isiweze kuinuka. Betri ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 25 hivi na zaidi, na njia zetu mnazijua. Ikikosa nafasi mbele ikabidi iwekwe ndani, iwe ile iliyofungwa kabisa, maana ya kuongezwa maji hutoa gesi ya haidrojeni inapochaji, nayo hulipuka kwa cheche ndogo tu.

Kabla ya kushika spana, vua pete na saa ya chuma. Toa waya wa hasi wa betri kuu kwanza. Utaurudisha wa mwisho. Funga trei, weka betri, kisha funga rilei mahali pakavu karibu na betri kuu. Kutoka chanya ya betri kuu waya uende kwenye fyuzi, kisha rilei, kisha fyuzi ya pili, kisha chanya ya betri ya pili.

Nimesema fyuzi mbili, na hapa ndipo nitakapogomba na mtu. Mafundi wengi huweka moja, na wengine hawaweki hata hiyo. Ule waya una betri kila mwisho. Ukichubuka katikati ukagusa bodi, umeme unautoka pande zote mbili, na fyuzi moja inakata upande mmoja tu. Upande wa pili unaendelea kumwaga mamia ya ampea kwenye chuma mpaka waya uwe mwekundu na plastiki ishike moto. Kwa hiyo moja kwa kila betri, karibu na kichwa cha betri kadiri uwezavyo. Kipimo chake kisizidi uwezo wa waya, maana fyuzi inaulinda waya.

Waya uwe mnene. Kwa rilei mimi nilitumia wa milimita 25 za mraba. Kwa chaja ya ampea 25 iliyo karibu, wa 16 unatosha. Ukiwa mwembamba volti hupotea njiani na betri ya pili haijai hata ukiendesha kutwa nzima. Lagi za shaba za mwisho wa waya zibanwe kwa koleo lake hasa, si kwa nyundo. Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma pawe na mpira, na waya wote uvishwe bomba la plastiki, mbali na bomba la moshi. Hasi ya betri ya pili ifungwe kwenye chesisi au kwenye injini, mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae.

Huku kwetu kuna adui ambaye video za Waaustralia hazimsemi sana: chumvi ya hewani. Nimewahi kuvua plastiki ya waya wa miaka miwili Lamu nikakuta shaba yote imegeuka kijani na kuwa unga. Nunua waya wa boti, ule ambao shaba yake imepakwa bati. Wauza vifaa vya boti wanao. Vichwa vya betri visafishwe, vikazwe, kisha ndipo vipakwe grisi juu.

Wenye winchi wasiiunganishe kupitia rilei. Winchi ikilemewa inaweza kuvuta mamia ya ampea. Ifungwe kwenye betri ya injini kwa waya wake yenyewe, na itumike injini ikiwaka.

Ukimaliza, usiliamini gari mpaka ulijaribu nyumbani. Pima betri zote mbili asubuhi. Washa injini: betri kuu ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.4, kisha baada ya muda usikie rilei ikigonga, na ya pili ipande ifikie karibu sawa. Zima injini, ngoja rilei iachie. Sasa washa friji na uiache usiku kucha gari likiwa uani. Asubuhi betri ya pili itakuwa imeshuka, na ile kuu isome kama ilivyosoma baada ya kutulia jana. Zikishuka zote mbili, hazijatengana, na usiende nalo popote.

Jambo la mwisho ni la friji. Nyingi zina kinga ya betri yenye ngazi tatu. Usiku ule wa Kipini mimi niliiweka ngazi ya chini kabisa ili insulini isikose baridi, nayo ikanitii mpaka tone la mwisho. Sasa naiacha ya juu gari lisipokuwa na betri iliyotengwa, na ya kati likiwa nayo. Kila tukienda Kipini huchukua pia sanduku la barafu la kawaida, na chupa mbili za insulini hukaa humo, zimefungwa kitambaa zisigusane na barafu, maana ikiganda nayo huharibika.