Tongoni: mabakuli ya Kichina yamekwenda wapi?

Haya wadau, niliwaahidi habari za Tanga, leo natimiza. Wengi wakija huku huishia mapango ya Amboni na upepo wa Raskazone, jioni mishkaki mjini. Si vibaya. Safari hii mimi nilipanda gari la Pangani nikashuka Tongoni, kama kilometa 17 kusini mwa mji.

Pana gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na 15. Baadhi yalikuwa na nguzo ndefu za mawe, nyingi zimeanguka. Sogea karibu uone vishimo vya duara kwenye chokaa. Humo ndimo yalimopachikwa mabakuli ya Kichina. Yalikuwa pambo, na tangazo pia: aliyelala hapa alikuwa na uwezo, tena alijua vitu vizuri.

Msikimbilie kusema Wachina walitia nanga Tongoni. Ni kweli mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China, na meli za Zheng He zikafika pwani hii. Lakini vyombo vingi vilipita mikono ya watu wa India na Ghuba ya Uajemi hadi kwa wafanyabiashara wetu, waliolipa kwa pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Walichagua wenyewe wanachokitaka.

Kisha Wareno. Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya maji haya. Mwaka 1499, wakirudi, waliichoma karibu na hapo hapo kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa. Mji nao baadaye ukahamwa. Jina lenyewe linasema: tongo ni mahame.

Kinachoniuma ni vile vishimo. Mengine yalivunjika, mengine yalibanduliwa na watu waliokuja kutazama kama mimi. Jamani, hata kaburi? Nilikaa pale kama saa nzima nikitazama mikoko, hasira haikuisha.

Njaa ikanirudisha mjini, kwa mama ntilie. Nikaletewa bada, ule ugali wa muhogo, na pweza wa nazi. Nilipomaliza nikageuza sahani: imetengenezwa China. Nikacheka peke yangu. Mama akaja mbio kuniuliza kama haikuoshwa vizuri.